Je, Wajua? Kwa Nini Askari wa Urusi Alifunga Miguu kwa Kitambaa Badala ya Kuvaa Soksi

Mtu akitaka kuigiza askari wa Jeshi Jekundu (jeshi la Umoja wa Kisovieti) wa mwaka 1943, huanza kuota bunduki, kisha kofia ya chuma. Kitakachomtoa jasho ni kitu ambacho hakuna mtazamaji atakayekiona: vipande viwili vya kitambaa vilivyofichwa ndani ya mabuti. Warusi huviita portyanki.

Uigizaji wa vita vya zamani ni shughuli ya kweli, yenye watu wake na ubishi wake. Kwa miaka mingi, mwanzoni mwa Septemba, uwanja wa Borodino ulio magharibi mwa Moscow umekuwa ukijaa watu waliovaa kama askari wa mwaka 1812, tayari kupigana na Napoleon kwa mara nyingine. Wengine wamechagua Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wote wana kanuni moja: ukisema wewe ni askari wa mwaka fulani, kila kitu ulichovaa kiwe cha mwaka huo, pamoja na kisichoonekana.

Mimi nilipokutana na portyanki kwenye orodha ya vifaa sikujiuliza mara mbili. Nchi ilikuwa vitani, viwanda vimehamishwa mashariki hadi milima ya Ural, soksi zimeadimika, askari wakapewa matambara. Niliyasema hayo mbele za watu, kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikuwa nimekosea, na kadiri nilivyosoma ndivyo kosa lilivyozidi kunenepa.

Kwanza, vitambaa hivyo havikuzaliwa na vita ile. Katika miaka ya 1780 Grigory Potemkin, kipenzi wa malkia Catherine na mtu aliyepewa kazi ya kurekebisha mavazi ya jeshi, alivitetea dhidi ya soksi ndefu za kubana walizokuwa wakivaa askari kwa kuiga Wazungu wa magharibi. Hoja yake haikuwa bei. Alisema mguu ukilowa, askari hufungua kitambaa, hujifutia, kisha hujifunga upya kwa upande uliobaki mkavu. Soksi haina upande wa akiba. Kwa hiyo Warusi walikuwa nazo soksi, wakazijaribu, wakaziacha kwa makusudi.

Pili, Mjerumani aliyekuwa upande wa pili wa handaki naye alikuwa na vitambaa vyake vya miguu, pamoja na soksi. Wafini walivitumia, Waitaliano vilevile. Wafaransa wana jina la kitu hicho linalonichekesha hadi leo: soksi za Kirusi.

Tatu, umaskini wa vita ungekwisha na vita. Lakini mwaka 1961 Umoja wa Kisovieti ulimpeleka Yuri Gagarin angani, na vijana walioitwa jeshini mwaka huohuo walifundishwa kufunga portyanki. Ilifika Januari 2013 ndipo waziri wa ulinzi wa Urusi, Sergei Shoigu, alipotaka neno hilo lisahauliwe jeshini kabla mwaka haujaisha. Hata neno lenyewe halina aibu ndani yake. Linatokana na neno la kale la kitambaa, shina lilelile lililozaa *portnoy*, yaani fundi cherehani.

Kama si umaskini, basi ni nini? Jibu liko kwenye buti.

Buti la askari wa Urusi halikuwa na kamba. Lilikuwa refu hadi karibu na goti, la kuvutwa tu na kuingia. Sehemu ya chini ilikuwa ngozi; shingo yake, kuanzia miaka ya vita, ilikuwa kirza, yaani kitambaa kizito cha pamba cha tabaka kadhaa kilichonyweshwa mpira. Jaribio la kuitumia katika vita vya majira ya baridi dhidi ya Finland, 1939 hadi 1940, lilikwenda vibaya kwa sababu ilipasuka kwa baridi. Mwaka 1942 mvumbuzi Ivan Plotnikov alipewa Tuzo ya Stalin kwa kuifanya ifae. (Utasikia kirza ni kifupisho cha “Kiwanda cha Kirov”. Si kweli. Jina linatokana na kersey, aina ya kitambaa cha sufu cha Uingereza.)

Sasa fikiria buti lisilo na kamba. Ili mguu uingie, kisigino lazima kipite kwenye kona ya kifundo, na kisigino ndicho sehemu nene kuliko zote njiani. Kona ikiwa pana ya kutosha kukipitisha, itakuwa pana mno kisigino kikishakaa mahali pake. Buti la namna hiyo haliwezi kukubana sawasawa. Likikubana, huwezi kulivaa.

Aliyewahi kuchezea mpini wa jembe anaijua shida hii. Tundu la jembe likiwa pana kuliko mpini, jembe hucheza, na kila pigo hulegeza zaidi. Mkulima hatupi jembe. Hukata kipande cha gunia au mpira wa tairi, akazungushia mpini pale penye upenyo, kisha akagonga. Portyanki ni kile kipande cha gunia. Hujaza pengo kati ya mguu na buti, na hulijaza kwa umbo la mguu wa mtu yule. Penye nafasi zaidi, anaongeza mzunguko.

Soksi haifanyi hivyo. Kama umewahi kutembea kilomita tatu shambani ndani ya gambuti, unajua soksi huishia wapi: imevuliwa na buti, imejikunja chini ya unyayo kama chapati iliyokunjwa vibaya. Kila hatua buti huinuka na kushuka kisiginoni, na kila mara huivuta soksi kidogo. Kitambaa kilichofungwa vizuri hakina pa kuteleza, kwa sababu kila mzunguko umeukalia uliotangulia. Ni kama kilemba au kikoi cha mvuvi: hakina pini wala mkanda, kinashikwa na mkazo wake chenyewe.

Halafu kuna jasho. Utambi wa koroboi hupandisha mafuta kutoka chini hadi juu bila pampu, na kitambaa cha pamba hufanya vivyo hivyo. Unyevu wa unyayoni hupanda taratibu hadi sehemu iliyozungushwa juu ya kifundo, ambako buti ni pana na hewa huingia na kutoka kwa kila hatua. Jioni askari hugeuza: upande mkavu chini, mbichi juu. Usiku huzungushia vitambaa kwenye shingo za mabuti vikauke.

Kukifunga kunahitaji mkono uliozoea. Kitambaa kina urefu wa takriban sentimita 90 na upana wa 35 hadi 45, cha pamba kwa kiangazi na cha flaneli nzito kwa baridi. Unakikunjua, unakanyaga karibu na kona, mguu umelala mshazari. Kona unaipitisha juu ya vidole na kuibana chini ya unyayo. Kisha unavuta upande mrefu kupita chini, juu ya mguu, nyuma ya kisigino, na kumalizia kwenye kifundo. Pasibaki mkunjo hata mmoja chini ya unyayo. Kuruta wa Kisovieti alipewa sekunde 45 kutoka kitandani hadi kuvaa, portyanki zikiwemo. Mimi nilijaribu kwa kipande cha shuka kuukuu na gambuti la kuazima. Ilinichukua dakika nne, na nilipofika dukani kwa Mangi mguu wa kushoto ulikuwa umeshafunguka.

Hapo pana tahadhari yake. Sifa zote nilizotaja ni za kitambaa kilichofungwa vizuri. Kilichofungwa ovyo huleta malengelenge haraka kuliko soksi mbovu, na wakongwe wanaosema hawakuwahi kuchubuka ni wale waliokwisha zoea.

Pana jambo jingine linaloichafua kidogo nadharia yangu ya jembe. Askari wengi wa miguu katika vita ile hawakupata mabuti marefu. Walipewa viatu vifupi vya kamba, na vitambaa virefu vyembamba vya kuzungushia mguu kutoka kifundo hadi chini ya goti, mfano wa vile unavyoviona kwenye picha za zamani za askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Viatu vya kamba havina lile pengo, lakini ndani yake bado walifunga portyanki. Kwa hiyo urahisi wa kutengeneza nao una haki yake. Soksi inataka mashine ya kufuma na saizi mbalimbali. Portyanki inataka mkasi. Haina saizi, haina mshono wa kukwangua kidole, haina kulia wala kushoto.

Vitu vingine vya askari wa 1943 vinapatikana kirahisi zaidi, ila tarehe ndiyo mtego. Mabega yenye vibao vya vyeo yalirudishwa kwa amri ya Januari 1943, pamoja na shati la gimnastyorka lenye kola ya kusimama. Ukivaa vibao hivyo kwenye maigizo ya Moscow ya 1941, utasahihishwa kabla hujanywa chai. Mashati ya mtindo huo yaliendelea kushonwa hadi sare zilipobadilishwa mwaka 1969, ndiyo maana mengi yanayouzwa kama “ya vita” yalishonwa baada ya vita. Mwaka 1943 ya askari wa kawaida hayakuwa na mifuko kifuani; yenye mifuko yalikuwa ya maofisa.

Portyanki unajikatia mwenyewe. Mita mbili za flaneli zinatosha jozi moja na majaribio. Ila ukienda kununua mabuti, usichukue saizi ya viatu vyako vya kila siku. Chukua inayozidi, kisha ulijaze pengo.