Je, wajua kwa nini tumbili amefungwa miguuni pa Bikira Maria?

Mnamo mwaka 1498 hivi, Albrecht Dürer wa mjini Nuremberg, Ujerumani, alichonga kwenye bamba la shaba picha ya Bikira Maria ameketi bustanini. Mtoto Yesu yuko mapajani mwake, anacheza na ndege. Nyuma yao kuna maji na nyumba yenye paa refu. Chini, karibu na pindo la gauni, amekaa tumbili aliyefungwa kwenye ubao. Kafuata nini hapo?

Kwa Wakristo wa Ulaya wa zama hizo, tumbili alikuwa alama ya tamaa za mwili: ulafi, ashiki, ujanja. Shetani mwenyewe aliitwa tumbili wa Mungu, maana kazi yake ni kuiga tu. Wachoraji wengine walimpa tumbili tunda mkononi ili kukumbusha kosa la Hawa. Na Maria, tangu karne za mwanzo za Ukristo, aliitwa Hawa mpya. Ndiyo maana hapa mnyama yuko kifungoni: dhambi iliyoingia kupitia mwanamke wa kwanza imetiwa kamba mbele ya huyu wa pili.

Fumbo kama hili lilifaa sana kwenye picha ya chapa. Wino ulipakwa kwenye bamba ukajaa ndani ya mifereji, ukafutwa juu, kisha karatasi yenye unyevu ikagandamizwa kwa mashine. Bamba moja lilitoa nakala nyingi, nazo ziliuzwa sokoni. Agnes, mke wa Dürer, alikuwa miongoni mwa wauzaji. Mnunuzi alikwenda nayo nyumbani karatasi ya kama sentimita 19 kwa 12, akaitazama kwa karibu apendavyo. Picha ya juu ya altare haikumpa nafasi hiyo.

Ila dini peke yake haielezi manyoya yale yaliyochongwa unywele kwa unywele. Naamini Dürer aliwapenda tu wanyama hawa: katika safari yake ya Uholanzi na Ubelgiji ya leo, 1520 hadi 1521, aliandika kwenye daftari lake kwamba amenunua tumbili mdogo kwa sarafu 4 za dhahabu.

Huko Italia, mchongaji wa picha Giulio Campagnola aliipenda mandhari ya nyuma ya picha hii. Akainakili, nyumba na yote, akawaacha Maria, mtoto na tumbili, na angani akaweka tai wa hekaya za Kigiriki akimnyakua kijana Ganymede.