Kupandisha kinga siyo kuponya TB: kazi ya vipokezi vya seli

Kwenye vibanda vya dawa za asili pale Mwanjelwa, Mbeya, na hata kwenye mabenchi ya kusubiria kliniki ya TB, maneno ni yaleyale: "Hii inapandisha kinga." Safari hii aliyeambiwa hivyo alikuwa mgonjwa aliye katikati ya dozi ya kifua kikuu, na alikuwa ameshalipia chupa mbili. Hapo nikaona niandike.

Kipokezi ni protini iliyo juu ya seli ya kinga au ndani yake. Hunasa kitu mahususi, kisha huipa seli amri. Mchochota ni matokeo ya amri hizo: mishipa midogo hutanuka, seli nyeupe hukusanyika, pakawa na joto, wekundu, uvimbe na maumivu.

Sasa lile linalopotoshwa. Watu wengi hudhani kila kipokezi huamuru seli ipigane, kwa hiyo amri zikizidi ndivyo mgonjwa anavyopona haraka. Sivyo. Baadhi ya vipokezi kazi yake ni kuizuia seli, na katika TB hivyo ni muhimu sawa na vile vya kushambulia.

Kimelea cha TB kikivutwa hadi mapafuni humezwa na seli iitwayo makrofeji. Kipokezi TLR2 hunasa protini zenye mafuta zilizo kwenye ganda la kimelea, Mincle hunasa mafuta ya ganda hilo, na NOD2 hutambua vipande vya ukuta wake. Makrofeji hutoa kemikali za kuita msaada, mojawapo ikiwa TNF, na seli zinazofika hukizingira kimelea. Mchochota huu unahitajika kweli. Wagonjwa wa baridi yabisi waliopewa dawa za kuzima TNF, baadhi yao TB iliyokuwa imelala mwilini iliamka.

Lakini TNF ikizidi, makrofeji zenyewe hufa, vimelea humwagika nje na kuendelea kuzaliana, na nyama ya pafu huoza hadi likabaki shimo. Mashimo yale yanayoonekana kwenye eksirei hayakuchimbwa na kimelea peke yake. Sehemu kubwa ni kazi ya kinga ya mgonjwa mwenyewe. Wenzetu wa Mufindi wanaopakana na msitu wa Sao Hill wanajua kwamba moto wa kusafisha shamba ni msaada mpaka pale unapovuka njia ya kuzuia moto.

Njia hiyo mwilini ni vipokezi kama kile cha IL-10, kemikali ya kutuliza mchochota, na PD-1 kilicho juu ya seli T, aina ya seli nyeupe za kinga. Panya wa maabara waliozaliwa bila PD-1 walipoambukizwa TB, seli zao za CD4 (kundi mojawapo la seli T) zilifurika mapafuni na wakafa mapema. Walipoondolewa CD4 hizo, hawakufa mapema vile. Na baadhi ya wagonjwa wa saratani wanaotumia dawa za kuzuia PD-1 wamepata TB kali, ingawa kwa lugha ya kibandani kinga yao ilikuwa "imepandishwa".

Nisieleweke vibaya kuhusu CD4. Mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake zimeshuka yuko hatarini sana kupata TB, na katika mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya, ambako VVU ni vingi kuliko sehemu nyingi za nchi, jambo hili si dogo. Ila huyohuyo akianza ARV na CD4 zikaanza kupanda, wiki chache baadaye homa inaweza kurudi na tezi za shingo zikavimba. Kinga imeamka na imekuta vimelea vingi. Hapo asiache dawa. Arudi kliniki, na daktari anaweza kumpa prednisolone, dawa ya kutuliza mchochota. Kwenye TB ya utando wa ubongo (homa ya uti wa mgongo iletwayo na TB), dawa za aina hiyo hutolewa pamoja na za TB tangu mwanzo, kwa sababu mchochota ndani ya fuvu huua.

Hata Robert Koch, aliyetangaza kimelea hiki mwaka 1882, aliteleza hapohapo. Mwaka 1890 alitoa tuberculin kama tiba. Ikachochea kinga kwelikweli: wagonjwa walipandwa na homa kali, vidonda vya ndani vikavimba, na wengine wakafariki. Leo tuberculin imebaki kuwa kipimo cha ngozi.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayemuuguza mgonjwa wa TB, usimuulize kama kinga imepanda. Muulize kama homa imeshuka, kama uzito unarudi, kama anameza dawa kila siku, na makohozi ya mwezi wa pili yamepimwa yakaonyesha nini.