Fidia ya ubaguzi haikatwi kwenye vocha ya jirani yako

Miongoni mwa wapangaji wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani, hasa familia zilizotoka Kongo, kuna uvumi kwamba ukiishtaki mamlaka ya nyumba (shirika la umma linalosimamia vocha na nyumba za umma) kwa ubaguzi ukashinda, fidia itachotwa kwenye fungu la vocha, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba, na jirani akose makazi. Watu wananyamaza kwa sababu hiyo. Si kweli, na tumeshalisema mara nyingi.

Fedha ya vocha inayotoka HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, ni ya kusaidia familia zenye vocha kulipa gharama za makazi, basi. Kwa ruzuku kwa jumla, kifungu cha 200.441 cha kanuni za shirikisho kinakataza kulipia faini, adhabu, fidia na suluhu zinazotokana na kuvunja sheria, isipokuwa gharama imetokana na kutimiza sharti mahsusi la ruzuku hiyo, au kuna idhini ya maandishi iliyotolewa kabla. Kabla, si baada ya hundi kuandikwa. Mamlaka ikilipa kiholela, wakaguzi wanaweza kuikataa gharama hiyo, na ikitakiwa kurejeshwa, haifidiwi kwa ruzuku nyingine. Hizo ni hesabu za mamlaka, si zako.

Marekebisho ya nyumba kwa mtu mwenye ulemavu ni jambo jingine. Mama anayetumia kiti cha magurudumu, anayekaa kwenye nyumba ya umma, akiomba vyuma vya kujishikilia kando ya choo, anaomba haki yake chini ya Kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 (Rehabilitation Act), kinachowakataza wanaopokea fedha za shirikisho kuwabagua watu wenye ulemavu. Mamlaka ndiyo inayogharamia, isipokuwa ithibitishe kwamba mzigo umezidi uwezo wake. Akiambiwa "hatuna bajeti ya fidia", amejibiwa swali ambalo hakuuliza. Kwa mwenye nyumba binafsi asiyepokea ruzuku ya shirikisho, kwa kawaida lazima akuruhusu urekebishe, ila gharama ni yako.

Lalamiko HUD hupelekwa ndani ya mwaka 1 tangu tendo la mwisho la ubaguzi, bila ada. Kesi mahakamani ni miaka 2, bila kuhesabu muda wa shauri la kiutawala HUD. Kulipiza kisasi dhidi ya mlalamikaji ni kosa.

Na tafadhali: lalamiko halisimamishi kodi ya nyumba. Kuna wanaoacha kulipa "mpaka kesi iishe", kisha wanashangaa kupata notisi ya kuhamishwa. Endelea kulipa, tunza risiti, na ombi la marekebisho liandike, litie tarehe, ubaki na nakala.