Je, wajua kwa nini mwalimu asiye na leseni anafundisha kihalali Arizona, lakini si Minnesota?

Kenya, anayetaka kufundisha shuleni, iwe ya serikali au ya binafsi, sharti awe amesajiliwa na TSC, tume ya kuajiri na kusimamia walimu. Lakini huko Arizona, Marekani, unaweza kuingia shule ya umma, inayoendeshwa kwa kodi ya wananchi, ukamkuta mwalimu wa hesabu asiye na leseni ya ualimu, na hakuna sheria iliyovunjwa. Kibali cha alama za vidole lazima awe nacho, kuonyesha historia yake imechunguzwa na polisi. Akihamia Minnesota kwa kazi ileile, ataulizwa leseni ya jimbo.

Shule hiyo ni ya mkataba, aina ambayo Wamarekani huiita charter. Wazazi, walimu au shirika lisilo la faida huandikiana mkataba na mamlaka inayotambuliwa na jimbo: wilaya ya elimu, chuo kikuu au bodi maalumu. Haitozi karo, na waombaji wakizidi nafasi hupigiwa bahati nasibu. Inasamehewa kanuni nyingi za shule za kawaida. Matokeo yakiwa mabovu, mkataba hauhuishwi na shule inafungwa. Minnesota ndiyo iliyotangulia, kwa sheria ya mwaka 1991. Ajabu ni kwamba aliyelitangaza wazo hili mwaka 1988 alikuwa Albert Shanker, kiongozi wa chama cha walimu, ingawa baadaye aligeuka kuwa mkosoaji wake. Leo vyama vya walimu ndivyo vinavyozipinga zaidi.

Elimu Marekani ni shughuli ya majimbo, kwa hiyo kila bunge la jimbo hupima lenyewe uhuru wa kuajiri. Texas kwa kawaida inataka shahada ya kwanza tu, bila leseni, ila walimu wa elimu maalumu na wa lugha mbili wamebanwa zaidi. Maryland imekaza kamba: walimu wa shule hizi ni waajiriwa wa wilaya, wakilindwa na mkataba uleule wa ajira wa chama cha walimu.

Lililonivutia zaidi ni New York, ambako leseni ndiyo kanuni, halafu sheria inafungua dirisha. Mtu mwenye miaka mitatu ya kufundisha, mhadhiri wa chuo, au aliyebobea katika biashara, sanaa, michezo au jeshi anaweza kuajiriwa bila leseni, kwa idadi maalumu: asilimia 30 ya walimu wote au watu 5, ipi iliyo ndogo, kisha 5 wa hesabu, sayansi, kompyuta au ufundi, kisha wengine 5. Sasa piga hesabu. Shule yenye walimu 10 inapata 3, jumlisha 5, jumlisha 5: nafasi 13, zaidi ya walimu ilio nao! Yenye walimu 100 inaishia 15. Kwa maoni yangu hapa sheria imepinda, kwa sababu inailegezea shule changa isiyo na mtu wa kumnoa mwalimu mgeni, na kuibana ile kubwa yenye wakufunzi wake.

Si ajabu shule zikatafuta njia nyingine. Mwaka 2017 kamati ya Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, SUNY, ambacho nacho hutoa mikataba, ilipitisha kanuni ya kuziruhusu shule zilizo chini yake zitoe vyeti vyao wenyewe vya ualimu, kwa mafunzo mafupi kuliko ya leseni ya kawaida. Vyama vya walimu vikaenda mahakamani, na idara ya elimu ya jimbo nayo ikashtaki. Mwaka 2018 jaji aliitengua kanuni hiyo, na mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye.

Mwaka huohuo wa 2019 California nayo ilikaza. Awali masomo yasiyo ya msingi, kama muziki, yangeweza kufundishwa na asiye na leseni. Sheria mpya ikadai leseni kwa kila somo, na waliokuwa tayari kazini wakapewa hadi Julai 2025 kujipanga.