Je, aliyeliwa mara nyingi kwenye kubeti yuko karibu kushinda?

Wengi wanaobeti huamini kwamba mkeka, yaani tiketi ya kubeti, ukichanika (ukipoteza) wiki baada ya wiki, ushindi unakaribia, kwa kuwa zamu ya kila mtu hufika. Imani hii inaeleweka kabisa. Anayedaiwa kodi ya nyumba, au anayehangaikia mahari ya ampendaye, anahitaji tumaini la kushika.

Ila bahati haina kumbukumbu. Rusha sarafu: kupata kichwa mara tano mfululizo ni nafasi 1 kati ya 32, ndiyo maana tunahisi mrusho wa sita lazima ugeuke. Lakini hizo tano zimeshapita. Wa sita bado ni nusu kwa nusu. Jaribu mwenyewe kwa mirusho 200, ukiandika kila tokeo kwenye daftari. Kila vinapofuatana vichwa vitatu, zungushia duara tokeo linalofuata, kisha hesabu yaliyomo kwenye maduara. Hutakuta kwamba kichwa kimesusa.

Kwenye mpira kuna jambo zaidi, nalo huonekana kwenye simu yako. Chukua odi (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda) za mechi moja, tuseme 2.50 nyumbani, 3.10 sare na 2.70 ugenini. Gawa 1 kwa kila odi, upate nafasi ambayo bei hiyo inaashiria, kisha ujumlishe: 0.40, 0.32 na 0.37 ni 1.09. Bei ya haki ingetoa 1 kamili. Hiyo ziada ni fungu la kampuni, nayo imo hata kwenye mkeka wa leo wa mtu aliyeliwa mwaka mzima.