Barafu ya Baharini Ikiyeyuka, Dar es Salaam Haizami

Nafundisha jiografia hapa Moshi, na kila mwaka yupo mwanafunzi anayesema barafu inayoelea Aktiki ikiyeyuka, bahari itapanda na Dar es Salaam izame. Wazazi nao husema hivyohivyo.

Weka vipande vya barafu kwenye glasi ya maji, piga mstari wa kalamu usawa wa maji, kisha subiri. Barafu itakwisha na maji yatabaki palepale mstarini, kwa sababu kitu kinachoelea kimeshasukuma maji yenye uzito sawa na wake. Chumvi ya bahari huleta tofauti, lakini ndogo mno.

Inayopandisha bahari ni barafu ya nchi kavu. Ya Greenland ikiyeyuka yote, bahari itapanda mita 7 hivi. (Ya Kibo nayo ni ya nchi kavu, ila ni kidogo sana, haitaonekana baharini.)

Hasara ya kuyeyuka kwa barafu inayoelea iko kwingine, na hapa ndipo ningependa tukae zaidi. Dubu mweupe husimama juu yake, kando ya tundu la kupumulia, akimvizia sili, mnyama wa baharini anayekuja hapo kuvuta hewa. Chini ya barafu hiyo huota mwani unaolisha viumbe vidogo, navyo huliwa na samaki. Kule Antaktika mwaka 2022, katika bahari ya Bellingshausen, barafu ilivunjika mapema kabla vifaranga vya pengwini havijaota manyoya yasiyopitisha maji. Makoloni (makundi ya pengwini wanaozaliana pamoja) 4 kati ya 5 ya eneo hilo yanakadiriwa kupoteza vifaranga vyote.