Kuku Hawajakatazwa Mjini, Banda Linalonuka Ndilo Linaloleta Notisi

Mvua ikishika Nakuru, malalamiko yanayofika ofisi yetu ya afya ya umma hubadilika. Wakati wa kiangazi ni vumbi na taka. Mvua ikinyesha wiki mbili tu, ni kuku wa jirani. Kiamunyi, Free Area, Pipeline, hadithi ni ile ile: harufu, nzi, na jogoo anayewika saa tisa usiku. Msimu huu yamezidi.

Kwanza tuweke kando uvumi kwamba kuna askari wanaopita mitaani kunyang'anya watu kuku. Kifungu cha 118 cha Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kinazungumzia jengo la kufugia wanyama au ndege ambalo limejengwa, limewekwa, linatumiwa au linatunzwa kwa namna inayoudhi au kuhatarisha afya. Hakikatazi kuku. Wala hakimwachilii anayesema, "Hii ni ploti yangu." Hilo nimeambiwa mara nyingi mno. Ploti ni yako, ndiyo. Hewa inayovuka ua si yako.

Sitamfundisha mtu kupigilia mabati. Fundi yeyote wa jua kali analiweza hilo. Kosa ninalolikuta kila mara ni mahali. Mtu hulibandika banda kwenye ukuta wa mpaka, nyuma kabisa, ili yeye mwenyewe asisikie harufu, na upande wa pili wa ukuta kuna dirisha la chumba cha kulala cha jirani. Tafuta palipoinuka, maji yasipopita, mbali na madirisha ya watu, na ya kwako pia. Banda lilale mashariki kwa magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie kwa ubavu mrefu.

Kinachonuka ni kinyesi kilicholowa. Kikiwa kikavu, huvumilika. Kwa hiyo inua sakafu kuliko ardhi ya nje, paa litokeze mbele ya ukuta ili manyunyu yasiingie, kisha tandaza maranda makavu unene wa sentimita 5 hadi 10. Palipolowa, hasa chini ya chombo cha maji, zoa siku hiyo hiyo. Nzi huhitaji kama siku 7 hadi 10 kutoka yai hadi kuruka. Ukizoa kila wiki, wengi hawafiki. Usikisukume kinyesi mtaroni, kwa sababu mji huu huteremkia ziwani. Kirundike, kifunike, kioze, kiende shambani.

Kuku wa kienyeji 4 kwa mita moja ya mraba wanatosha. Kuku 20 basi wanataka mita 2 kwa mita 2.5, si kile kizimba cha ukubwa wa kabati. Ukuta uwe mzima hadi usawa wa goti, juu yake wavu. Ule wavu mwembamba wenye matundu makubwa huzuia kuku kutoka. Hauzuii nguchiro wala panya kuingia. Wavu mgumu wa kuanikia kahawa ni bora, na uuzamishe ardhini sentimita 30, maana udongo wetu huu mwepesi huchimbika upesi.

Halafu kuna wanaoziba banda lote kwa nailoni kwa sababu ya baridi ya Julai na kuwasha jiko la makaa ndani. Jamani. Moshi huo unaua, na amonia, ile gesi kali inayotoka kwenye kinyesi, ikifungiwa huwachoma kuku macho na mapafu. Kuku mkubwa ana manyoya yake. Teremsha gunia upande wa upepo jioni, lipandishe asubuhi. Vifaranga ni habari nyingine. Waone wenzangu wa mifugo, na chanjo ya kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, mnaijua.

Ukiazimia kujenga la mawe, pitia kwanza ofisi ya mipango ya kaunti uulize kuhusu kibali.

Sasa utaratibu. Malalamiko yakifika, afisa huja kukagua, na sheria inamruhusu kuingia nyakati zinazofaa. Akiridhika kwamba kuna kero, notisi hutolewa chini ya kifungu cha 119, nayo hutaja muda wa kuiondoa na inaweza kutaja kazi ya kufanywa. Huandikiwa aliyesababisha kero. Asipopatikana, anayeishi hapo au mwenye ploti. Wenye ploti wengi hushtuka hapa, eti kuku ni wa mpangaji. Muda ukipita bila kazi kufanyika, jambo huenda kwa hakimu, ambaye anaweza kuamuru kero iondolewe na kutoza faini. Ukipuuza amri hiyo, kazi inaweza kufanywa na wengine na gharama ukadaiwa wewe.

Kupewa notisi si kushtakiwa. Kama siku hazitoshi, njoo useme kabla hazijaisha, ukiwa na nakala ya notisi mkononi. Anayekuja baada ya tarehe kupita, na hadithi ya jirani mwenye wivu, hunikuta tayari nimeandika ripoti.